Keki ya Mnadani

Mzee wa kanisa aliinua keki juu ya mikungu ya ndizi na kuku wa sadaka, usharika mzima wa Mamba ukaiona.

Asteria alikunja ncha ya kanga. Wiki nzima hulima. Jumamosi ndiyo huoka keki za kuuza, ila wateja hawamjui. Gari la matangazo lilimshinda bei, kibao cha barabarani vilevile. Ndipo akawaza kuitoa keki yake kwenye mnada wa baada ya ibada, ambao hakuna asiyeusikia. Sasa moyo ulimsuta: hii ni sadaka au biashara?

"Kitendawili," mzee alinadi.

"Tega."

"Nikiwa mbichi nachoma ulimi, nikiokwa naubembeleza."

"Tangawizi."

Watu wakacheka, bei ikapanda. Keki ikachukuliwa na mama anayeozesha binti mwezi ujao. Akamega hapo hapo, akatafuna taratibu, macho kayafumba, makombo ya kahawia yamemganda mdomoni.

"Fundi wa hii ni nani, jamani? Nina harusi mimi."

"Sadaka haina jina, mama," mzee akamjibu. "Aliyetoa, Mungu anamjua."

"Basi nitaagiza Same mjini."

Asteria akasimama.

"Shikamoo, mzee. Mungu ananijua kweli, ila yeye haozeshi mwezi ujao."