Sufuria ya Msibani

Bi Zamda alisimama barazani kwake, upindo wa kanga mdomoni, akitazama vyombo vya jirani vikitolewa nje. Kesi yenyewe ilikuwa ya maji ya mvua tu, yaliyokuwa yakimwagikia uani kwake kutoka paa la Mzee Hamdani. Alishinda. Hakimu alipomaliza kwa kusema, "Na gharama za kesi," alidhani ni maneno ya kufungia hukumu tu, kama watu wanavyosema amina.

Sasa dalali wa mahakama alikuwa mlangoni kwa Hamdani na wapagazi wake. Walitoa kabati, wakatoa cherehani. Kisha wakatoka wameinama, wamebeba sufuria kubwa ambayo mtaa mzima huiazima. Pilau za harusi zilipikwa humo. Wali wa matanga ya mumewe Bi Zamda pia.

"Hiyo iacheni," alisema.

"Mama, hizi ndizo gharama zako; ameshindwa kuzilipa, vyombo vinakwenda kuuzwa," dalali alimjibu. "Wakili wako ndiye aliyeziomba. Kwani hakukwambia?"

Mke wa Hamdani alitoka na mwiko mrefu wa sufuria ile. Hakulia, hakutukana. Alivuka uchochoro akamkabidhi Bi Zamda.

"Wameusahau huu, jirani."

Gari la dalali liliondoka na vyombo. Baadaye mvua ikaanza, na maji ya paa lile yakateremka upande wa pili, kama hakimu alivyoamuru. Bi Zamda alikuwa bado ameushika mwiko, hajui pa kuuweka.