Karatasi ya Jumapili

Kila Jumapili asubuhi karatasi ya kiwanda cha Suneka ilitoka kwenye presi ikiwa karibu kavu, na meneja hakujua kwa nini. Siku nyingine zote ilitoka chepechepe, ikaingizwa kwenye tanuri la kukaushia na kumaliza mkokoteni mzima wa kuni. Ile ya Jumapili ilitosheka na mzigo mmoja wa kichwa.

Osman, mwenye kiwanda, mfanyabiashara wa Kisii mjini, alikuwa amechoka kununua kuni.

"Makori, bwana," alimwambia meneja wake, "hiyo siri ya Jumapili niletee kabla mwezi kuisha. Atakayeileta ndiye atakayesimamia kiwanda. Ukishindwa wewe, wengine wako." Akamtupia jicho Nyanchoka, mama wa makamo aliyeshughulika na presi.

Makori aliliona lile jicho, na usiku ule hakulala.

Ieleweke kwamba Makori alijua kila kitu. Aliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili Nairobi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumfunza jambo. Ndiye aliyeweka sheria kwamba rundo la karatasi za migomba likae chini ya presi dakika kumi, basi, jeki ya kulikandamiza ifunguliwe. Nyanchoka aliwahi kumwambia kwa adabu, "Omogaka, mzee wangu, si tungeipatia muda hiyo maji ishuke?"

"Mama, hapa tunatengeneza karatasi," Makori alimjibu mbele ya wafanyakazi wote. "Hatuivishi ndizi." Wakacheka, maana yeye ndiye aliyewaandika kazi.

Sasa akakaa akapiga hesabu. Kiwanda kilifungwa Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua, kwa sababu karibu wote pale walikuwa Wasabato, na Makori mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Karatasi iliachwa Ijumaa ikiwa imelowa, ikakutwa Jumapili imekauka. Kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa akiingia siku ya Sabato na kuikamua upya. Funguo za kiwanda zilikuwa mbili tu, wake na wa Nyanchoka.

Makori alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, kisha aibu ikaisha. Mama akitengwa na kanisa, nani atamkabidhi kiwanda?

Ijumaa mchana alikwenda kwa Mchungaji Nyasani, uso ameukunja kama mfiwa.

"Mchungaji, kuna mshiriki wetu anayefanya kazi kiwandani siku ya Sabato. Tena kwa ufunguo aliokabidhiwa kwa uaminifu."

"Ni nani huyo?"

"Jina sitaji. Njoo kesho saa tisa na wazee wote, mjionee kwa macho yenu."

Mchungaji alimtazama usoni. "Basi tutamwombea."

"Mwombeeni sana," Makori akasema.

Jumamosi asubuhi alimwambia mkewe ana homa, akavaa suti yake ya kanisani na kwenda kujificha kiwandani nyuma ya marobota ya migomba mikavu. Suti ilikuwa muhimu. Hakutaka wazee wamkute akiinuka ovyo ovyo kumnyooshea mtu kidole.

Saa tatu ikapita. Saa tano ikapita. Hakuja mtu. Kilichosikika ni maji tu, tone baada ya tone, kutoka upande wa presi.

Akatoka mafichoni kwenda kuangalia. Rundo la Ijumaa lilikuwa bado chini ya chuma, jeki imekazwa, vile vile Nyanchoka alivyoiacha jua lilipozama akakimbilia nyumbani kuipokea Sabato. Makori akagusa ukingo wa karatasi. Ulikuwa mgumu.

Ilimchukua muda, lakini ikamwingia. Hapakuwa na mwizi wa Sabato. Rundo lilikuwa likijikamua lenyewe mchana kutwa, bila kuni wala stima, huku kijiji kizima kikiimba kanisani.

Mwingine angerudi nyumbani kwa homa yake. Makori akashika mpini wa jeki, akapampu mara tatu, maji yakabubujika upya. Akacheka peke yake. Akavua koti. Maji yalipomrukia suruali, akaangua aproni ya Nyanchoka ukutani na kujifunga. Akapampu, akapumzika, akapampu tena, akijiimbia sauti ya besi, na tayari akitunga maneno ya kumwambia Osman: "Bosi, nimefanya utafiti." Hata jina alikuwa ameshalipata: Mbinu ya Makori. Saa akaisahau kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Mchungaji Nyasani aliingia na wazee wanne, na nyuma yao Nyanchoka, waliyemwita kwa sababu ya ufunguo.

Makori alikuwa bado na mkono kwenye mpini, jasho linamtoka.

Nyanchoka alitazama jeki, kisha akaitazama aproni yake. "Omogaka, ungeniuliza tu," alisema. "Hiyo ukiiwacha inajikamua. Jana Bosi amepita hapa akaniuliza, nikamwambia."

Mchungaji akavua miwani na kufuta macho. Alimsogelea Makori, akamwekea mkono begani kwa upole mwingi.

"Ndugu yangu," alisema, "jana ulikataa kututajia jina. Sasa tumeelewa ni kwa nini. Si wengi wenye moyo wa kujichongea wenyewe hivi."