Dema la Mke wa Mzee Shekue

Tangu wakubwa wasimike minara ya umeme wa upepo kwenye mwamba wa samaki na kuwafukuza wavuvi bila kumuuliza mtu, dema la Mzee Shekue, mtego wa samaki wa kusukwa, lilikuwa likikauka ukutani. Jirani yake, Bi Mgeni, alikuja na tetea kwapani.

"Shemeji, nipe hilo nifugie kuku. Mayai tutagawana."

"Alilisuka marehemu mke wangu."

"Na leo umepika nini?"

"Hao waliotufungia bahari, wao wanakula nini?"

"Samaki wa makopo. Wako wewe watataga."

Mzee hakucheka. Alichukua kisu, akaupanua mdomo wa dema, ambao mkewe aliubana ili samaki akiingia asitoke. Tetea akaingia taratibu, akafika pale pa kutundika chambo, akaanza kudonoa.