Fundo la Begani

Wewe ungejibu nini, umelala kifudifudi, uso umezama kwenye tundu la kitanda cha kukandia, huoni ila vidole vya miguu vya mtu anayekuuliza unataka ukandwe vipi?

"Kuna kukanda polepole, mama, kulegeza mwili," mkandaji alisema. "Kuna kuchua kwa nguvu mpaka misuli ya ndani. Na kuna kubonyeza fundo moja tu la msuli, nikalishikilia mpaka liachie."

Mama huyo, fundi cherehani, alichanganyikiwa. Kwake yeye kukandwa kulikuwa maji ya moto na kitambaa, basi.

"Mpe hiyo ya nguvu," bintiye alidakia kutoka kitini. "Kazidi kuinamia cherehani huyu."

"Ngoja kwanza nilitafute fundo."

Kidole gumba kilitambaa juu ya bega, kikasimama, kikazama. Maumivu yakapanda shingoni hadi nyuma ya jicho.

"Wee! Umebonyeza bega, mbona linauma jicho? Au umeshika waya usiohusika?"

"Ndivyo yalivyo mafundo, mama. Ila hili si la kuinama tu. Unanyanyua nini kizito?"

 Kila alfajiri fundi alimnyanyua mumewe kitandani peke yake, na watoto aliwaambia mzee anaamka mwenyewe, wasije wakamhamishia kwao.

"Mama?" binti aliita.

Kidole hakikubanduka. Fundo likaanza kulainika, na chozi likadondoka sakafuni.

"Baba yako simwezi tena," alisema ndani ya tundu. "Nataka mje mnisaidie kumwinua. Lakini humohumo chumbani mwetu."