Televisheni ya Chogo Isiyo na Jicho

Kila kioo cha televisheni nyumbani lazima kiwe na jicho la serikali, na jicho linasoma sura zetu wakati wa taarifa ya habari ya saa saba mchana. Jirani yetu Mwakipesile alipiga miayo, akapelekwa darasani wiki tatu. Siku hizi anatabasamu hata msibani.

Mimi ni fundi. Niliripoti kwamba kioo chetu kimeharibika, nikapewa siku saba za matengenezo. Hapo nikaitoa stoo televisheni ya chogo ya marehemu baba, ile ya zamani yenye mgongo mnene, nikaifungua mgongo na kuunga nyaya tatu, nyekundu, kijani na buluu, ipokee picha moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi badala ya zile chenga za antena. Nilikagua kila kona mara mbili. Jicho halimo.

Saa saba nikamwita mume wangu. Picha ilitoka safi ajabu. Mtangazaji akasema maji sasa yatatoka mara moja kwa wiki. Nikakunja uso kwa raha zangu, nikasonya.

Mume wangu alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, kama kawaida yake.

"Baba Tumpe, acha bwana. Hii haina jicho. Nimeifungua mwenyewe."

"Najua."

"Sasa unamchekea nani?"

Hakunigeukia. Meno yote yalikuwa nje.

"Nakuchekea wewe, Mama Tumpe. Si unaniangalia? Na mimi nimekusikia ulivyosonya."