Vikombe vya Shughuli

Vikombe vya bati mia sita, ambavyo hutoka kwa arusi na misiba tu, leo vilikuwa uwanjani kwenye tamasha la muziki. Aliyevitoa ni Mwanakheri, mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama. Baada ya tamasha la mwaka jana, chupa za plastiki ziliziba mtaro, na mvua iliponyesha maji yakaingia hadi chumbani kwake; mwaka huu akataka watu wanywe kwa vikombe.

"Hivyo havirudi," alisema Bi Rukia, mkubwa wa kikundi, wakiwa wamesimama kwenye mapipa ya maji kando ya jukwaa. "Siku ya msiba tutawapa watu maji kwa viganja?"

"Vina alama, Bi Rukia."

Kila mwanamke alipaka vyake rangi chini ya kitako. Alama ya marehemu mama yake Mwanakheri ilikuwa nukta mbili nyeupe, na kikombe chake kilibaki kimoja tu. Alikusudia kukiacha nyumbani. Kwa haraka ya asubuhi, kikaingia kapuni pamoja na vingine.

Jua lilikuwa kali. Mwimbaji alikatiza wimbo, akaomba maji.

"Tunyweni wote!" akasema.

Uwanja mzima ukainua vikombe. Mwanakheri akaviona vitako vyote kwa pamoja: vyekundu, vya kijani, vya buluu, vya walio hai na vya waliokwisha kwenda.

"Changu kile!" Bi Rukia alimshika mkono, akicheka kama msichana. "Kile pale!"

Mwanakheri alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, akitafuta nukta mbili nyeupe.