Pindo la Kanga

Mishi alikwisha kuyaandika maduka yote ya vitambaa nyuma ya karatasi ya kalenda: kwanza ya sokoni, kisha ya stendi, mwisho lile la nyuma ya msikiti linalouza kanga za zamani. Kesho angeyazunguka yote, hata kwa miguu, mpaka apate kanga kama ile yake iliyoungua. Doti moja waligawana yeye na mama yake, na tangu Bi Rukia apotewe na kumbukumbu, alimtambua bintiye kwa kanga ile tu. Juzi pasi iliiunguza ya Mishi, ikateketea yote. Tangu hapo mama hataki chakula cha mkono wake.

Lakini wauzaji watataka kuona mfano. Mishi akachukua mkasi, akapiga magoti kando ya kitanda, akashika pindo la kanga aliyojifunika mama.

Bi Rukia akafumbua macho, akaivuta kifuani.

“Dada, nakuomba usikate,” alisema. “Ya pili anayo binti yangu. Akija akaikuta imekatwa, atanijuaje?”

Mkasi ulikwisha kuliuma pindo, na Mishi hakuthubutu kuufunga wala kuufungua.